Kiti Alichonyolewa Mfalme

Jumatatu, 3 Machi

Kinyozi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara amefunga televisheni ukutani. Inchi hamsini! Leo wateja wangu watatu wamevuka bila hata kuniaga. Mmoja nilikuwa nimeshamnyoa nusu kichwa. Kuanzia leo jina la jirani silitaji tena. Ni Televisheni tu.

Nikakaa kwenye kiti changu kitupu, nikatazama video za historia kwenye simu. Mtu ana sauti nzito, ngoma kwa nyuma, picha za kizamani. Watazamaji milioni moja! Na hakuna anayemwuliza kayatoa wapi. Basi nikakigeukia kiti. Chuma, ngozi nyekundu, viraka vitatu, pedeli inayoshuka yenyewe. Kinaonekana kimeona mengi. Kwa nini kisiwe kimemwona mfalme?

Jumanne, 4 Machi

Kazi imekamilika. Sauti nimeirekodi kichwa kikiwa ndani ya ndoo, ikatoka nzito hadi mwenyewe nikaogopa. Habari yenyewe: Mfalme Ndevu, wa mwisho wa ukoo wake, alinyolewa kwenye kiti hiki mwaka 1911, asubuhi ya kupelekwa uhamishoni. Alilia. Chozi likadondokea mkono wa kulia wa kiti. (Doa lipo kweli. Ni rangi ya nywele.)

Picha ya mfalme ndiyo ilinisumbua. Nikaipata sebuleni kwetu: mzee wa upande wa mke wangu, koti la vifungo, ananing'inia juu ya kabati tangu nimeoa. Nikampachika taji kwa simu. Limempendeza.

Jumatano, 5 Machi

Watazamaji elfu kumi na moja! Foleni hadi kwa fundi viatu. Wengi hawakuja kunyolewa, walikuja kukaa na kupigwa picha wakijifanya wanalia. Televisheni mwenyewe kavuka, kakaa, kasema kiti kinalia kuliko mfalme. Wivu tu.

Mchana, mama mkwe. Tunaishi naye tangu alipostaafu kufundisha historia. Simu yake ni ya vitufe, video hajaiona, ila kasikia. Akauliza maswali yake matatu, yale yale anayouliza hata nikisema mvua itanyesha: nani kasema, alikuwepo, imeandikwa wapi. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba ipo mtandaoni, mama. Akasema hata yule muuza mafuta ya kuotesha nywele yupo mtandaoni, na mimi nimeyapaka mwaka mzima. Nikapapasa kipara changu. Mkwe hajibishwi.

Ijumaa, 7 Machi

Wamekuja watu wa makumbusho! Wawili, wana glavu nyeupe na futi ya kupimia. Mkubwa wao, bwana wa miwani minene, alikishika kiti kama anayepokea mtoto mchanga. Kasema ni urithi wa taifa. Jumatatu kitachukuliwa, kitawekwa nyuma ya kamba, na hakuna atakayekikalia tena milele. Mimi nitapewa cheti chenye mhuri.

Nilifurahi robo saa nzima. Kisha nikauliza, watu ninaowanyoa watakaa wapi? Akasema hilo halimo kwenye fomu.

Kiti ninacho hiki kimoja tu. Kikienda, na ukinyozi umekwenda. Televisheni kaniletea salamu: anahitaji mtu wa kumfagilia nywele.

Jumamosi, 8 Machi

Dawa ya moto ni moto. Nimetoa video ya pili, bila ndoo: jamani, nilitunga, hakuna Mfalme Ndevu. Watazamaji elfu arobaini! Nikasoma maoni. "Wamemtisha huyu." "Mwangalieni macho, ana hofu." "Wanatuficha historia yetu!" Mmoja kaapa kwamba babu yake ndiye aliyeshika taa siku ile. Mwingine kaeleza mfalme alivyoagana na mama yake. Nikasoma hadi mwisho, machozi yakanitoka. Au nilidhani natunga, kumbe nakumbuka?

Nikapiga simu makumbusho. Yule bwana akasema wenye vitu vya thamani wote huongea hivyo hivyo siku ya kuchukuliwa ikikaribia.

Jumapili, 9 Machi

Maji yamezidi unga. Mke wangu kasema nenda kwa mama. Nikaenda, nikapiga magoti, nikamwonyesha video zote mbili. Akavaa miwani. Akatazama. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kwa nini baba yake mzazi amevaa taji.

Baba yake! Mgawa barua wa posta! Miaka tisa napita chini ya picha ile, sikuwahi kuuliza ni nani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama akacheka hadi akavua miwani kufuta macho. Akasema marehemu alifukuzwa na mbwa miaka thelathini, ufalme ameustahili. Kisha sauti ikawa ya darasani. Je, kiti nimeshawahi kukipindua? Nani, mimi? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema. Tukaenda kibandani kwangu pa kunyolea, tukakipindua. Chini kuna kibati cha kiwanda: namba, na mwaka 1968. Mfalme amenyolewa miaka hamsini na saba kabla kiti hakijazaliwa!

Nikapata pia kitana changu kilichopotea.

Jumatatu, 10 Machi

Gari la mizigo lilifika saa tatu asubuhi. Mama alisimama mlangoni, picha mkononi. Bwana wa miwani alipomwona akanyooka kama yuko mstarini. Shikamoo, mwalimu! Kumbe alimfundisha kidato cha pili. Mama akaitikia marahaba, akamwuliza maswali matatu. La kwanza, nani kasema, alijibu kwa kuninyooshea kidole. Kwa la pili na la tatu akapekua fomu zake mara mbili. Mama akageuza picha: nyuma yake, kwa wino wa buluu, jina la baba yake, kazi yake na tarehe ya kustaafu. Akamwamuru apindue kiti. Akapindua, akasoma kibati, akavua glavu.

Gari likaondoka tupu. Nikakikumbatia kiti mbele za watu, sioni haya kusema.

Adhabu yangu: tumerekodi video ya tatu. Mama anasema ukweli, mimi nashika simu, mdomo nimeufunga. Baadaye akaniuliza kama nimejifunza kitu. Nikasema sana, mama. Sana.

Alhamisi, 13 Machi

Video ya mama ina watazamaji sitini na mmoja. Wengi ni wanafunzi wake, na wanasahihishana. Foleni imekwisha. Televisheni kaongeza spika.

Lakini kujifunza nimejifunza! Historia haitaki kukurupuka, inataka utafiti. Leo nimekishusha kioo changu ukutani, kile chenye ufa, nikakigeuza. Nimekagua nyuma yote. Hakuna kibati. Hakuna namba. Hakuna mwaka. Hakuna kitu! Sasa nani atabisha kwamba malkia alijitazama humu?

Na safari hii sikugusa picha ya ukutani. Mimi si mjinga. Nimetafuta hadi nikapata albamu ya zamani chini ya kitanda cha mama: msichana, shingo ndefu, macho makali, anatazama kama anakudai jibu. Malkia kabisa! Sura yake kama naifahamu, ila sikumbuki ni wapi.

Taji limemkaa sawasawa. Ngoja nikatafute ndoo.