Macho ya Baba Mkwe na Mapazia Yangu ya Njano

Jumatatu, 4 Novemba
Siku ya thelathini na moja ya ndoa! Mume wangu, muuguzi mwenye vidole laini kuliko pamba, atatoa mafunzo zahanatini kuhusu saratani ya kongosho. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, ndiyo maana ugonjwa wake huchelewa kujulikana. Nimejitolea kuandika mabango. Wifi naye kajitolea. Tutaona nani ana mwandiko.

Jumanne, 5 Novemba
Mabango kumi na nane! "Macho ya njano. Mkojo wa rangi ya chai. Kuwashwa mwili. Kukonda bila sababu. Maumivu ya tumbo yanayofika mgongoni. Wahi hospitali." Kila O nimeichora moyo. Baba mkwe, fundi cherehani, amekuja kutukatia tepe za zambarau, rangi ya kampeni. Anajikuna kama aliyelalia upupu. Suruali yake ameipunguza kiuno mara ya tatu. Nikamsifu kuwa amerudi ujana.

Jumatano, 6 Novemba
Wifi kanichokoza. Kaingia sebuleni, kamtazama baba yake, kasema macho yake ni ya njano. Mbele ya mapazia yangu ya harusi! Nikamjibu kwa upole kwamba jua likipita kwenye mapazia mazuri, kila mtu huwa njano, hata yeye. Mume wangu yuko zamu. Nyumba bila yeye ni chungu bila kifuniko.

Alhamisi, 7 Novemba
Leo ilikuwa siku ya kumkomesha wifi. Nikampeleka baba mkwe uani, juani kabisa, nikamwita wifi ajionee.

Tukajionea wote. Njano vilevile.

Baba mkwe akasema taratibu, "Bango lako nimelisoma, mwanangu. Hata mkojo ni wa chai. Mkwe ningemwambiaje?"

Mume wangu kampeleka hospitali kubwa. Bango la kumi na tisa limelowa machozi.

Jumamosi, 30 Novemba
Uvimbe ulikuwa bado mdogo. Wameutoa! Daktari kasema safari ni ndefu, ila tumewahi. Baba mkwe leo kanywa supu, akaomba sindano na uzi.

Bila mapazia yangu nani angempeleka juani? Wifi hataki kukiri. Nimetundika mapya, ya zambarau, kwa heshima ya kampeni. Kaingia, kamtazama kaka yake, kasema hana rangi nzuri, apimwe homa.

Nimecheka. Zambarau inampendeza mno mume wangu. Hata jasho lake linang'aa.

Wivu tu.