Fundi Umeme na Uasi wa Nywele za Bintiye

Sogeeni, enyi mlioketi na enyi mnaopita, zimeni redio na mtege masikio, nipate kuwasimulia vita vilivyopiganwa bafuni asubuhi moja ya baridi kavu, baina ya fundi umeme mmoja, mpanda nguzo, mtuliza transfoma, mwenye upara ung'aao kama sufuria mpya, na nywele za binti yake wa pekee.

Siku hiyo ilikuwa siku ya picha shuleni. Mama wa mtoto, muuguzi, alikuwa bado kwenye zamu hospitalini, naye aliacha amri moja tu: mtoto apendeze. Kwani picha ya mwaka uliotangulia ilimtoa binti nywele zimesimama wima, na wenzake wakambatiza jina Fagio, jina lililomganda mwaka mzima. Basi alipojitazama kwenye kioo, akaona nywele zilizonyooshwa vizuri jana yake zimepaa pande zote, midomo ikaanza kumcheza.

"Baba, mimi siendi."

Fundi akainua kitana cha plastiki kama achomoaye upanga, akanena, "Ewe mwanangu, tulizo la moyo wangu! Mikono hii imewasha taa za mitaa mizima. Je, itashindwa na nywele, ilhali zangu mwenyewe nilizifukuza zote, usibaki hata unywele mmoja wa kusimulia?"

"Baba, chana tu."

Akachana. Loo! Kila kitana kilipopita, nywele ziliinuka, kwanza moja moja, kisha kwa vikosi, zikakifuata hewani kama askari wafuatao bendera. Shujaa akaongeza kasi, nazo zikaongeza kiburi. Akanyoosha kidole kuuondoa unywele uliomwangukia mtoto sikioni, na hapo, tss! Cheche ikaruka. Yeye aliyezoea nyaya za kuua watu akaruka nyuma, akaangusha miswaki, chupa ya shampuu na heshima yake.

"Umenipiga shoti!" Mtoto akalia, kisha akacheka, kisha akakumbuka kwamba alikuwa analia.

Simu ikaita. Alikuwa mama, akinong'ona kutoka wodini. "Mmefikia wapi?"

"Mke wangu, tumezingirwa, lakini ngome haijaanguka."

"Usije ukazimwagia maji, sweta lita..." Mgonjwa akamwita, simu ikakatika.

Sweta! Fundi akaligeukia lile sweta la nailoni alilompitishia mtoto kichwani kwa nguvu zake zote. Akalisugua kwa kiganja, likatatarika. Akalikazia macho, kama mfalme aliyegundua msaliti ndani ya jumba lake.

"Msuguano," akasema. "Muda wote huu nimekuwa nikimchaji mwanangu kama betri!"

Ndipo akapanga vita upya. Sweta likavuliwa, likaja la pamba lenye vifungo mbele. Kitana cha plastiki kikafungiwa kwenye droo, kikatawazwa cha mti, mali ya mkewe. Akalowesha viganja, akavikung'uta hadi vikabaki na unyevu tu, akatia tone la losheni, akasugua mpaka likapotea, kisha akaipitisha mikono ile kutoka utosini hadi nchani, polepole, kwa upole ambao nguzo za umeme hazijawahi kuuona. Nywele zikasita. Zikashauriana. Zikalala.

Ukabaki mmoja, katikati ya paji la uso, umesimama kidete. Fundi akalamba kidole.

"Baba! Mate hapana!"

Akakifuta kwenye suruali, akakichovya kwenye losheni, akamgusa yule muasi wa mwisho. Naye akasalimu amri.

Walipofika langoni mwa shule, upepo mkavu ulikuwa umewatenda watoto vibaya, na wazazi walikuwa wakizikimbiza nywele za wana wao kwa mikono mitupu. Mama mmoja, mwenye mapacha wawili vichwa vimefura kama pamba, akamshika binti bega.

"We mtoto, umetengenezwa saluni gani?"

Binti akainua kidevu, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa mpiga picha, "Saluni? Ni baba yangu."

Yule mama akawasukuma mapacha wake mbele. Andikeni basi, enyi wenye kalamu, na wino usikauke, kwamba mbele ya wazazi wote fundi yule alikohoa kidogo kuficha machozi, akakunja mikono ya shati, akatangaza, "Aanze aliyezaliwa kwanza."