Msiba wa Shangazi Aliyekataa Sanduku

Jumatatu, 3 Juni 2024
Barua ya mahakama imefika dukani, hapa Kasuku. Nipeleke vitabu vya ununuzi wa dhahabu kabla ya wiki kwisha. Sabine, mwenzangu wa biashara, ndiye aliyeshtaki. Duka hili ni letu sote wawili, na kila mwaka namwambia tumepata hasara. Vitabu vinasema vingine. Vikionekana, duka linaniponyoka. Kuvichoma? Hapana. Nimeviandika kwa mwandiko mzuri mno.

Jumanne, 4 Juni
Nimejibu kuwa vitabu ni siri ya biashara. Bwana Ilunga, karani wa mahakama, akasema mahakama inajua kutunza siri. Nikakumbuka vita. Wakati ule udhuru mmoja ulitosha kwa kila deni: karo, baiskeli ya jirani, mbuzi wa mkwe, vyote nilisema vimechukuliwa na askari. Nikasema askari walichukua vitabu. Ilunga akauliza, kwa upole, ilikuwaje askari wa mwaka 1999 wachukue vitabu vya duka lililofunguliwa 2018. Siwapendi watu wapole.

Ijumaa, 7 Juni
Sanduku la vitabu limepakiwa kwenye pikipiki. Linakwenda mji mdogo wa Kama, kwa shangazi Adèle, alifiche. Damu ni damu!

Jumapili, 9 Juni
Sanduku limerudi, limejaa matope. Shangazi ameagiza kwamba yeye hafichi uongo wa mtu, nimpe Sabine haki yake. Hata muhogo hakutuma. Nimelisukuma chini ya kitanda.

Jumatatu, 10 Juni
Akili imefunguka! Nimemwambia Ilunga siwezi kuleta kitu, nimefiwa na shangazi Adèle. Hata hivyo hana faida nyingine kwangu. Ilunga alinishika mkono, akaniongezea wiki. Nililia kidogo, na machozi yalikuja yenyewe.

Jumanne, 11 Juni
Nilisahau jambo moja: mtu akifiwa, watu huja. Asubuhi Ilunga amevuka mto na ofisi nzima, wamefika kwangu Alunguli kutoa pole. Hélène, mke wangu, akakimbia kuazima turubai, akachemsha chai huku amenuna. Majirani wakajaa. Viti vikaisha. Roger wa nyumba ya pili, ambaye haombwi kitu, akatoa sanduku chini ya kitanda na kumkalisha Ilunga juu yake. Nilikimbia kumtafutia kiti kingine, hakuna. Kisha nikatulia. Hawezi kutafuta alichokikalia.

Alhamisi, 13 Juni
Matanga bado. Ilunga anakuja kila siku na kukaa palepale. Mchana pikipiki ikasimama uani. Shangazi! Habari ilimfikia kule Kama kuwa kwangu kuna kifo, bila jina la marehemu. Alijitupa chini, akalia kuliko wote, kisha akawauliza akina mama tunamlilia nani. Wakamwambia.
Ilunga, mtu wa adabu, alisimama ampishe mama akae. Shangazi akalitazama sanduku.
“Fortunat, ni mimi njo nilikufa? Na hii njo ile sanduku nilikurudishia. Bado unaficha vitabu ya mama Sabine?”
Ilunga alimaliza chai yake. Akaomba watu wawili wamsaidie kubeba.

Ijumaa, 14 Juni
Duka limefungwa. Sabine anasoma vitabu, na nasikia amesifu mwandiko. Barua nyingine imekuja: Jumatatu nifike mwenyewe mbele ya hakimu. Inauma. Nimetafuta kosa lilikuwa wapi, nimeliona. Nilichagua marehemu anayepanda pikipiki. Nimemwambia Hélène asirudishe turubai, safari hii nitakufa mimi. Hélène amekubali upesi sana. Ameshaanza kuchemsha chai.