Barua ya Jenerali na Diski Mpya

Habari ilifika benchini, nje ya duka la Mama Taipu mpiga chapa, kabla watu hawajakaa vizuri. Aliyeileta ni Redio, fundi viatu, mtu ambaye hajawahi kulala na neno tumboni.

"Jamani, Mama Taipu anahamisha windozi!"

"Anahama duka?" akauliza Kinyozi, taulo begani.

"Duka liko palepale. Anautoa mfumo wa kompyuta kwenye diski kuukuu, anaupeleka kwenye mpya, ile SSD. Ukibonyeza tu, imeshawaka!"

Kinyozi akapiga mluzi. "Basi Jenerali, shida yako imekwisha."

Jenerali, bawabu wa ghala la jirani, akacheka kwa meno tu. Miezi minane sasa alikuwa akiliapia benchi lile kwamba anaacha kazi. Barua alikuwa nayo kichwani, kali kama pilipili. Kilichomchelewesha, alisema, ni kompyuta ya Mama Taipu: kila asubuhi inajikongoja kuwaka mpaka saa ya zamu inafika, naye anaondoka akiilaani.

"Ningekuwa mimi nisingethubutu," akasema kwa sauti ya mshauri. "Mfumo ni kama mti mzima. Huung'oi ukaupanda kwingine."

"Haung'olewi, shemeji, unanakiliwa," Mama Taipu akajibu kutoka ndani, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Mafaili yote, kila kitu mahali pake. Hatari ni kukosea diski ipi inatoa na ipi inapokea. Ukizigeuza, unanakili utupu juu ya kazi zako zote."

"Na umehakikisha?"

"Mara tatu. Kisha nikamwomba Mungu, nikabonyeza."

"Imefika wapi?"

"Asilimia tisini na nne."

"Hapo ndipo huwa zinakwama," Jenerali akasema kwa matumaini.

Redio akamgeukia. "Mbona unaiombea mabaya? Mgonjwa gani huyu anayetaka daktari ateleze njiani?"

"Mimi? Naiombea heri! Ila haraka haraka haina baraka."

"Na miezi minane ina baraka gani?"

Kinyozi alicheka nusura aanguke benchini.

Ilipofika mia, Mama Taipu akazima mashine, akachomoa waya wa diski kuukuu, akafunika ubavu wa kompyuta, akawasha. Jenerali akahesabu kimoyomoyo. Hajafika hata kumi na mbili, picha ya wajukuu wa Mama Taipu ikajaa kiooni.

"Alhamdulillahi!" akasema mama.

"Ingia, Jenerali!" Redio akapiga kelele. "Zamu yako bado dakika arobaini!"

"Sikuja na miwani."

"Anayeandika ni Mama. Wewe sema tu!" Kinyozi akamshika kiwiko, akamwingiza ndani.

Mama Taipu alikuwa ameshaandika kichwa: *Yah: Kuacha Kazi*. "Haya, shemeji. Sema."

Kistari kilikuwa kikiwakawaka kwenye ukurasa mweupe. Jenerali alimkumbuka mkewe, alivyomfungia vifungo vya sare asubuhi hiyo na kumtakia kazi njema. Ile pilipili yote ikapotea.

"Andika... kwa heshima na taadhima."

"Heshima tena?" Redio akanong'ona mlangoni. "Si ulisema utaanza na 'Enyi wanyonyaji'?"

"Mwache aseme," mama akamkemea.

"Mimi bawabu wenu, huu ni mwaka wa kumi na moja nasimama getini, saa moja asubuhi mpaka saa moja jioni. Naomba..." Akakinyooshea kidole kioo. "Mama, hicho kichwa cha juu, kifute."

"Nimefuta. Unaomba nini?"

"Kiti."

Hakuna aliyecheka.

"Cha aina gani, shemeji?" Mama Taipu akauliza taratibu, vidole juu ya vitufe. "Tukiwaachia wachague wao, watakuletea kigoda."

Jenerali akayatazama magoti yake.

"Andika chenye mgongo."