Kibali cha Kenge

Jamani, Serikali hailali! Mwaka 1966, vita dhidi ya waasi vikiwa vimepamba moto, watu wote wa kambi moja karibu na Bura walikuwa ndani ya ua wa seng'enge, kwa usalama wao wenyewe. Siku hiyo Chifu Guleid akatangaza kwa kipaza sauti kuwa amepatikana wa kwanza kuruhusiwa kutoka. Ni kenge.

Si kenge hawa wezi wa mayai, la hasha! Huyu alikuwa adimu. Mzungu mmoja alimtaka kwa ajili ya matajiri wa Ulaya, ambao hufuga kenge sebuleni. Guleid akamjazia kibali chenye mhuri: jina, Kenge; kabila, Kenge; tabia, mtiifu. Akamjengea kizimba chenye kivuli, na mgao wa yai kila asubuhi. Watu walipewa unga wenye fukusi, lakini watu hakuna mzungu aliyewaagiza.

Kenge alihitaji kuogeshwa mtoni, hivyo amri yenye sahihi ya Guleid ikabandikwa getini: kenge apite na mlezi wake, asiye na kenge, hata awe nani, akamatwe.

Akaja Eedo Kaaha, shangazi yake Guleid, machozi yakimlengalenga.

"Guleid, Rukiyo ameshikwa na uchungu. Yuko kambi ya mtoni, peke yake. Mimba ya kwanza nusura imuue. Nipe kibali."

"Eedo, kutoka ni kwa shughuli za taifa tu. Mwambie binti yako asubiri vita viishe."

"Nimwambie yeye, au mtoto aliye tumboni?"

Guleid aliona hilo ni suala la kamati.

Kaaha akafuta machozi. "Na mlezi wa kenge mmepata?"

"Wapi! Wote wanasema najisi."

"Basi nipo."

Wallahi, uzalendo ule ulimgusa Guleid. Kaaha, aliyefunga ngamia wakorofi tangu utotoni, akamfunga kenge kamba mdomoni na mkiani, akamtia kwapani. Getini askari wa bara akasoma kibali, akapiga saluti.

"Pita, mzee," akamwambia kenge.

Alasiri lori la Mzungu likafika, kenge hajarudi. Geti lilipofunguliwa kulipisha, Guleid akachomoka mbio hadi kambi ya mtoni. Akamkuta Kaaha amepakata kichanga, analia kwa furaha.

"Msichana! Na mama yake mzima, alhamdulillahi."

"Kenge je?"

"Nilimfungua mtoni. Hata kuaga hakuaga."

Guleid akarudi getini akihema.

"Kenge yuko wapi?" askari akauliza.

"Mimi ni Chifu!"

"Amri inasema hata awe nani. Sahihi ni yako, mzee."

Mahabusu ilikuwa imejaa watu wasio na kenge, kwa hiyo Chifu akawekwa kizimbani, kivulini. Asubuhi askari akamrushia yai lake, maana mgao haukuwa umefutwa.

Mzungu, aliyelala kambini akimsubiri kenge wake, akachungulia, akamkagua kichwa hadi miguu, akakunja uso.

"Hapana," akasema. "Huyu si adimu. Hawa wako wengi."