Kifungu cha Saba na Nyanya Zangu

Jumatatu, 3 Machi
Mkurugenzi katangaza wizara inaanzisha Kitengo cha Ubunifu wa Kilimo na Chakula. Kitahitaji mkuu. Akanitazama. Au alitazama saa ya ukutani nyuma yangu. Vyovyote iwavyo, nimeshampigia mama mkwe kumwambia kazi ni yangu. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, kaniita mwanangu.

Tatizo ni Miwani, mwenzangu wa meza ya pili. Kabuni mashine ya kupukuchua mahindi, inakanyagwa kama baiskeli. Ijumaa wafadhili wanakuja kuona kazi zetu, ndipo mkuu ateuliwe.

Jumanne, 4 Machi
Nimepewa kuandika mwongozo wa kitengo. Mungu hamtupi mja wake. Nikachomeka kifungu cha saba: chombo chochote kipya kisiwashwe, kisifunguliwe wala kuguswa hapa ofisini kabla ya kamati ndogo kukikagua. Kamati yenyewe haijateuliwa. Mkurugenzi kasema sasa tuna taasisi, katia saini. Miwani kaifunika mashine yake turubai. Nilimwonea huruma mpaka chai ya saa nne.

Jumatano, 5 Machi
Nami nina changu: kikaushio cha nyanya, sanduku la mbao na kioo, kazi ya shemeji yangu seremala. Nimekijaza tenga zima la nyanya, nikakianika uani mwa ofisi. Mara mlinzi kaja, kakifunika turubai, kapiga kufuli. Kasema kifungu cha saba. Nikamweleza mwandishi wake ni mimi. Kasema basi nakijua vizuri.

Nyumbani mke wangu kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nadhani alikuwa anamsema Miwani.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwomba Mkurugenzi ateue kamati haraka. Kasema kamati huteuliwa na mkuu wa kitengo, na mkuu hayupo. Nyanya zinavuja. Nzi wamejaa uani. Miwani kauliza kama nasikia harufu. Nikasema labda mtaro.

Ijumaa, 7 Machi
Wafadhili wamefika. Mkurugenzi kaagiza turubai zivuliwe, watazame tu. Mashine ya Miwani ilisimama pale bila kufanya lolote, wakaisifu. Kikaushio changu kilipofunuliwa, mama mmoja alirudi nyuma akamkanyaga Mkurugenzi. Saa nane Miwani katangazwa mkuu. Imeniuma, sifichi. Nimemwambia mama mkwe kwamba naandaliwa kwa cheo kikubwa zaidi. Kaniita bwana wewe, kakata simu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefanywa katibu wa kamati ndogo, nirekebishe mwongozo yasijirudie. Usingizi umerudi. Nimeandika kifungu cha nane: mkuu wa kitengo asiamue, asinunue wala asimtume mtu popote bila saini za wajumbe wote wa kamati, wakiwa wameketi pamoja. Mkurugenzi kasaini kabla chai haijapoa. Sasa Miwani hawezi kuagiza hata kalamu. Atachoka, ataomba uhamisho, na kiti kitakuwa changu. Nikikikalia tu, mambo makubwa naanza siku hiyohiyo.