Farasi wa Kuazima na Kura Mbili

Jumatatu, 2 Machi

Leo historia imegeuka. Naiandika mwenyewe kabla wengine hawajaiharibu.

Chama chetu cha Wapenzi wa Kidevu kimepata barua. Kutoka kwa nani? Kwa Kidevu mwenyewe! Yule mwigizaji mwenye kidevu kama kona ya meza, ambaye akilia kwenye filamu hata wenye roho za mawe hutafuta leso. Atatupigia simu Jumamosi saa kumi jioni. Dakika tano! Atazungumza na mwenyekiti peke yake. Wengine watasikia kwenye spika na kumeza mate.

Mwenyekiti hatuna. Wa zamani kahama mji. Uchaguzi Ijumaa.

Nani anafaa? Mimi. Chama kinakutana wapi? Karakanani kwangu, kwa fundi makochi hodari kuliko wote ninaowajua. Wanachama wanakalia nini? Makochi ya wateja wangu, yaliyokwisha na yasiyokwisha. Asiyeangalia anapokaa huchomwa na springi, lakini sanaa haiji bure. Nani alimvumbua Kidevu? Mimi. Nilimtambua tangu enzi zile anapita nyuma ya waigizaji wenzake na ndoo, haongei. Nilimwambia mke wangu, huyu mwenye ndoo atafika mbali. Mke wangu anasema sikumwambia. Mke wangu husahau.

Kikwazo ni kimoja: Muuguzi Mstaafu. Televisheni ni yake. Huja nayo kwenye toroli, kaifunika shuka jeupe kama mgonjwa anapelekwa kupasuliwa. Na amezitazama kazi zote arobaini na moja zilizoandikwa kwenye Daftari la chama. Filamu, tamthilia, hata lile tangazo la dawa ya mende.

Mimi nimeona tisa. Mbili nilisinzia. Hilo halijui mtu ila kitabu hiki.

Jumanne, 3 Machi

Loo! Kinywa changu hakina breki.

Ilikuwa siku ya mapendekezo. Desturi yetu: kila mmoja anasimama, anataja kazi moja ya Kidevu ambayo wenzake wasife kabla ya kuiona, na anaeleza pale ilipomchoma moyo. Anayewagusa watu leo ndiye anayepata kura zao Ijumaa.

Muuguzi akasimama. Akapendekeza tamthilia ya vipindi sitini. Kataja kipindi cha thelathini na nne, dakika ya kumi na mbili, pale Kidevu anapoinama kumfunga baba yake kamba za viatu, na baba hamtambui. Karakana nzima ikatoa leso. Kisha kamasi. Hata mimi nililia, na sijaiona.

Mpwa wangu ndiye katibu. Akaniuliza mbele ya watu, na wewe Mjomba unapendekeza nini? Zile tisa zangu zote zilishatajwa. Macho yangu yakaangukia kochi la mteja, limesimama pale kwa miguu yake minne. Nikasikia sauti inasema: Farasi wa Kuazima. Sauti ilikuwa yangu.

Watu wakatazamana. Hakuna anayeijua. Watajulia wapi? Ilikuwa na umri wa nusu dakika.

Nikajaza. Filamu ya kwanza kabisa ya Kidevu, kabla hata ya ndoo. Masikini kaazima farasi ampelekee mama yake mgonjwa dawa. Wanafika mtoni, farasi kachoka, magoti yanagongana. Kidevu anafanyaje? Anambeba farasi mgongoni! Anavuka naye! Maji hapa, kifuani!

Shangwe! Kinyozi wa mtaani kwetu alipanda juu ya sponji. Mama mmoja aliomba nirudie pale pa magoti. Nikarudia, nikaongeza mvua.

Ndipo mpwa wangu akafungua Daftari. Akanikumbusha kanuni: kazi haiandikwi mpaka wanachama wawili waape wameiona kwa macho yao. Nina mpaka Alhamisi kumpata wa pili. Mtoto wa dada yangu! Damu yangu mwenyewe!

Jumatano, 4 Machi

Shahidi nimempata. Shemeji, mpaka rangi wa nyumba, kaka wa mke wangu. Ni mwanachama halali, ingawa huja kulala tu. Nimemwahidi kiti cha kuegemea kila kikao.

Tumefanya mazoezi asubuhi nzima. Farasi dume, mweupe, mto, mgongo. Nne tu! Kaniuliza kwa nini hawakupita darajani. Nikamwambia hakukuwa na daraja. Kauliza basi wenyeji wa pale huvukaje. Nikamwambia hawavuki. Kauliza mama mgonjwa alifikaje ng'ambo. Shemeji anafikiri mno kwa mtu wa kupaka kuta.

Mke wangu alikuwa anatusikia. Kasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu ndiyo maana huwahi kufika.

Alhamisi, 5 Machi

Shemeji kaniua.

Aliapa vizuri. Mkono juu, uso wa huzuni, nikajisifu moyoni. Kaulizwa rangi ya farasi. Mpaka rangi huyu! Badala ya kusema mweupe akaanza kueleza weupe wa aina tatu, kwamba huyu alikuwa weupe wa ukuta wa kaskazini baada ya mvua mbili. Haya, yakapita. Kaulizwa pale mtoni ilikuwaje. Akashusha pumzi, akasema kwa uchungu kwamba farasi alimbeba Kidevu akamvusha.

Kinyozi akauliza, sasa hapo cha ajabu nini, si ndiyo kazi ya farasi?

Wakacheka mpaka toroli ikatikisika. Ushahidi ukafutwa. Nilikuwa nimeshashika mlango.

Mara Muuguzi akasimama. Kavua miwani, kaipangusa. Akasema, "Mimi nimeiona."

Nusura nimkumbatie! Adui yangu! Nikawaambia watu, mmeona? Nikapiga makofi. Kisha akaendelea.

Akasema Mjomba kasahau jambo moja tu, dogo. Farasi alikuwa jike. Mja mzito. Ndiyo maana akabebwa! Na walipofika ng'ambo alizaa palepale ukingoni, mtoto katanguliza miguu ya nyuma, na Kidevu, ambaye hakusomea ukunga popote, alimgeuza kwa mikono yake, akavua shati lake la pekee, akamfutia mtoto.

Kilio! Jamani, kilio! Nililia na mimi. Ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Nikajikaza, nikasema alikuwa dume. Nilimwona. Muuguzi akanigeukia kwa upole wa mtu mwenye sindano, akauliza, "Kwani Mjomba uliitazama hadi mwisho?"

Ningesema nini? Nikisema ndiyo, ataniuliza jina la mtoto. Nikisema anadanganya, wataniuliza nimejuaje. Nikasema umeme ulikatika.

Mpwa wangu akaandika: kazi ya arobaini na mbili, Farasi wa Kuazima. Farasi jike. Mashahidi wawili, mmoja nusu.

Ijumaa, 6 Machi

Matokeo. Muuguzi kura kumi na moja. Mimi mbili.

Moja ni yangu. Ya pili simjui mwenyewe. Shemeji anaapa si yeye. Anasema yule mtoto kutanguliza miguu ya nyuma kulimshinda nguvu. Mpwa wangu kainamisha kichwa kwenye Daftari.

Miaka mingapi nimempenda Kidevu? Nilikuwa na neno langu moja la kumwambia. Nililiandaa tangu Jumatatu, nikalisema mbele ya kioo cha kabati la mteja. Nilitaka kumwambia kwamba wiki tuliyomzika baba yangu, walionyesha ile yake ya dereva wa zimamoto, na ndiyo siku niliyocheka tena. Basi tu. Dakika moja ingetosha. Nne zilizobaki ningempa Muuguzi.

Sikula. Baadaye nikala.

Jumamosi, 7 Machi

Ya leo lazima yaandikwe leo.

Saa tisa na nusu nilikuwa nimeshajifariji. Nilijua Muuguzi atamuuliza kuhusu farasi, maana wanachama wote walimshikilia aulize. Kidevu atasema hakuna filamu kama hiyo. Muuguzi ataumbuka, kiti kitakuwa changu! Nikafurahi, nikapanga makochi huku napiga mluzi. Simu ilipoanza kulia ndipo nikakumbuka filamu ni ya nani.

Nikajificha nyuma ya gunia la sponji.

Sauti ni yake! Ileile! Muuguzi, mwanamke aliyechoma sindano miaka thelathini bila kupepesa, alikuwa anatetemeka kama mgonjwa. Kauliza. Tunaomba utuambie kidogo kuhusu Farasi wa Kuazima.

Nikahesabu moyo wangu: ulipiga mara nane, ukasimama.

Kidevu akasema, "Aaah! Yule farasi!"

Naapa kwa kaburi la babu! Kasema mgongo unamuuma mpaka leo. Kasema maji yalikuwa baridi hujapata kuona. Kasema watu wote wanamuuliza habari za zile filamu kubwa, hakuna anayeikumbuka ile, na ndiyo kazi iliyotoka ndani ya moyo wake. Sauti ikamkatika. Kinyozi akapiga kelele kuuliza, dume au jike? Kidevu akajibu bila kusita: jike, ndugu yangu, na alizaa!

Karakana ikalipuka! Shemeji kajitupa kwenye kochi lisilokwisha, springi ikamrudisha. Watu wanakumbatiana, wanalia, wanacheka. Nami nimo, nimetoka nyuma ya gunia.

Mwishoni Kidevu akamshukuru yule mama aliyeikumbuka. Mama! Filamu nimeitengeneza mimi, kwa mdomo wangu, bila kamera!

Watu walipotawanyika Muuguzi akanivuta kando. Kaninong'oneza, Mjomba, ile filamu uliitoa wapi? Nikamjibu palepale ulipomtoa yule mtoto. Tukacheka mpaka tukashikana mabega. Nikamwuliza kama sasa ataniachia kiti. Akafunika televisheni yake, akasema, "Thubutu!"

Jumapili, 8 Machi

Nimewaza sana. Mambo ya wiki hii yamenifunza: kosa langu lilikuwa kuchagua mwigizaji ambaye watu wamemtazama.

Leo nimeanzisha chama kipya. Wapenzi wa Bibi Nyusi. Mteja mmoja alimtaja wakati anachagua kitambaa. Anasema anaigiza vizuri mno huko aliko. Sijamwona hata picha. Nimeshawaambia watu nimeona kazi zake zote, hamsini na saba, na kwamba katika mojawapo anateleza juu ya nyangumi.

Mpaka adhuhuri walikuwa wamejiandikisha sita. Mwenyekiti ni mimi, nimechaguliwa na mimi.

Shemeji kaja wa kwanza, kauliza tutatazama nini ikiwa televisheni haipo. Nikamwambia akae vizuri, afumbe macho, filamu inaanza.